Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: studio ikimbana dairekta wa muvi za franchaizi, muvi inapona au inakufa?

Haya maswali yanarudi kila muvi kubwa ikiboronga. Watu wanagawanyika, huku wanaosema studio imemharibia dairekta, kule wanaosema dairekta kaachiwa mno. Majibu yangu yanaegemea upande na sifichi: kubanwa si tatizo, tatizo ni umebanwa lini, na huyo aliyekubana anajua stori au anajua hesabu tu.

Kwanza franchaizi ni nini, maana kila mtu anaitumia kivyake?

Ni msururu wa muvi wenye mwenyewe. Star Wars, James Bond, Harry Potter, Godzilla, zile za Marvel. Neno la kushika hapo ni "mwenyewe". Kwenye muvi ya kawaida dairekta anakuja na stori yake, ila kwenye franchaizi anakuta nyumba imeshajengwa, ina watu ndani, ina sheria zake, na yeye akitoka anaingia mwingine. Ni mpangaji. Rangi ya chumbani atachagua, lakini ukuta havunji bila ruhusa.

Nani hasa anambana? Si bosi wa studio tu?

Ingekuwa bosi mmoja ingekuwa nafuu. Kuna prodyuza, kuna mwenye haki za stori, kuna watu wa matangazo, kuna watu wa vinyago na madaftari ya watoto, kuna tarehe ya kutoka ambayo mara nyingi imetangazwa hata skripti haijaandikwa, kuna watazamaji wa majaribio wanaooneshwa muvi mapema wajaze fomu, halafu kuna daraja la umri. Marekani daraja la PG-13 lilianza 1984, na tangu hapo muvi nyingi kubwa zinapigiwa hesabu ziangukie hapohapo, kali kidogo ila vijana wanaruhusiwa kuingia.

Mfano ninaoupenda ni wa Batman. Mwaka 1992 Batman Returns ilitoka na giza lake, yule Penguin anatokwa na uchafu mweusi mdomoni, na wakati huohuo McDonald's walikuwa wanagawa vinyago vya muvi hiyohiyo kwenye chakula cha watoto. Wazazi wakaja juu. Studio ikamtoa Tim Burton kwenye kiti cha dairekta ikamweka Joel Schumacher, na maagizo yakawa muvi ichangamke, iwe na vitu vinavyouzika dukani. Ya 1995 ikafanya vizuri sokoni. Ya 1997, Batman & Robin, ukiiangalia unaona kabisa kuna sini zipo kwa ajili ya kinyago, gari jipya, nguo mpya, mapigano, nguo nyingine mpya. Batman hakurudi kwenye sinema na muvi yake mwenyewe mpaka 2005. Miaka 8 kwa sababu ya vinyago, we fikiria.

Si bora dairekta aachiwe uhuru wote basi, yeye si ndo msanii?

Hapa ndo watu wengi wanateleza.

Star Wars ya kwanza, 1977, ilipigwa kwa kama dola milioni 11, George Lucas akiwa hana sauti kubwa bado, anabishana na studio, vifaa vinaharibika, hela inakata. Na kwenye uhariri alikuwa na watu 3, Marcia Lucas, Paul Hirsch na Richard Chew, ambao walipata Oscar kwa ile kazi. Ya pili, 1980, Lucas hakuongoza yeye, aliongoza Irvin Kershner, skripti ikapita kwa Leigh Brackett na Lawrence Kasdan, na mashabiki wengi mpaka leo wanaiweka hiyo juu ya zote. Sasa ruka mpaka 1999. Lucas kaandika mwenyewe, kaongoza mwenyewe, hela ya mwenyewe, kama milioni 115, hakuna wa kumwambia mzee hii sini ya ushuru wa biashara inatuchosha. Hela ilirudi tena nyingi tu, lakini maongezi ya mule ndani ni makavu, na waigizaji wazuri kabisa wanaonekana kama wanasoma tangazo.

J.K. Rowling naye hivyohivyo. Muvi 8 za Harry Potter, 2001 mpaka 2011, yeye alikuwa na sauti lakini skripti 7 kati ya hizo aliandika Steve Kloves, kazi yake ikiwa kukata kitabu kinene mpaka kiingie kwenye muda wa sinema. Zilipokuja Fantastic Beasts, muvi za dunia hiyohiyo ya Harry Potter, skripti za muvi mbili za kwanza akaandika Rowling peke yake. Na mwandishi wa riwaya anapenda kuongeza, ndo kazi yake, ila muvi inataka mtu wa kupunguza, kwa hiyo ya pili imejaa ndugu waliopotea na koo na siri mpaka unahitaji karatasi ya kuchora nani mtoto wa nani. Ya tatu wakamrudisha Kloves washirikiane, ila ilishakuwa jioni. Ya kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 800, ya tatu kama nusu yake, na zilikuwa zimepangwa ziwe 5.

Kwa hiyo hela kidogo ndo siri?

Hela kidogo si siri, ila inakulazimisha uamue mapema nini cha lazima na nini mbwembwe.

Angalia Star Trek. Ya kwanza ya sinema, 1979, ilimeza kama dola milioni 44 na kuna dakika nyingi mule watu wanakodolea meli ya angani tu. Studio ikamsogeza pembeni Gene Roddenberry, muasisi mwenyewe, akabaki mshauri, kazi ikapewa Harve Bennett aliyetoka kwenye TV na Nicholas Meyer wa kuongoza. Bajeti ikashuka mpaka kama milioni 12. Wakatumia tena vipande vya picha za muvi ya kwanza, na chumba cha uongozi cha meli moja wakakipamba upya kikawa cha meli ya adui. Shujaa Kirk na adui yake Khan hawakutani uso kwa uso hata mara moja, wanarushiana maneno kwenye skrini. Na bado watu wengi wanaoijua Star Trek watakwambia hiyo ya 1982 ndo bora kuliko zote. Ukishanyimwa mabomu unabaki na chuki ya watu wawili, na chuki ni bure.

Deadpool ya 2016 nayo, karibu na kuanza kushuti studio ikakata kama milioni 7. Waandishi walikuwa wamepanga vita kubwa ya bunduki mwishoni. Wakafanya jamaa asahau begi la silaha kwenye teksi, aingie vitani bila bunduki zake. Ikawa utani mzuri kuliko bunduki zote walizozitoa.

Godzilla Minus One ya 2023, Takashi Yamazaki alisema haikufika dola milioni 15. Yeye ndo dairekta, mwandishi na msimamizi wa efekti, timu ya watu 35 ikatengeneza shoti 610 na ikabeba Oscar ya efekti. Ukiniuliza siri iko kwenye kiti chake: aliyekuwa anataka ile shoti na aliyekuwa anaipitisha ni mtu mmoja. Kwenye muvi ya milioni 200 shoti moja inapita kwa watu wengi, kila mmoja anarudisha na maoni yake, na wa mwisho anaweza kusema turudi kama ilivyokuwa mwanzo.

(Mabosi wasisome hapa wakaanza kupunguza mishahara ya watu wa efekti. Sio nilichosema.)

Mbona Marvel walibana kila mtu na walipiga hela miaka yote ile?

Mgala muue na haki yake mpe. Kuanzia Iron Man 2008 mpaka Avengers: Endgame 2019 ni muvi 22, na hiyo ya mwisho iliingiza karibu dola bilioni 2.8. Madairekta walibanwa, Edgar Wright aliondoka kwenye Ant-Man mwaka 2014 baada ya kuifanyia kazi miaka kibao. Na hata Kevin Feige mwenyewe, mkuu wa Marvel Studios, alikuwa anabanwa, kulikuwa na kamati ya ubunifu ya watu wa vitabu vya katuni na watu wa juu wanatuma maoni kwenye kila skripti, mpaka 2015 ikavunjwa na Feige akaanza kuripoti moja kwa moja kwa Disney.

Kilichowasaidia, kwa macho yangu, ni kwamba hata ukimchukia Feige unajua ni nani. Mtu mmoja, anayejua stori nzima inaenda wapi, anakaa kwenye uhariri wa kila muvi. Manahodha wengi chombo huenda mrama, pale nahodha alikuwa mmoja.

Halafu ikaja 2021, wakaanza kumwaga na tamthilia za TV juu ya muvi, na mtu mmoja akawa anagawanywa vipande 10. The Marvels ya 2023 iliishia kama dola milioni 206, chini kuliko zote walizowahi kutoa. Bob Iger mwenyewe, bosi wa Disney wakati huo, alisema ilishutiwa wakati wa Covid na hakukuwa na usimamizi wa kutosha pale seti. Watu walimcheka kwamba analia mabosi walikuwa wachache. Mimi sikumcheka sana, ila ningemuuliza nani aliagiza vitu vingi hivyo kwa mpigo, maana msimamizi hakupotea njiani, alizidishiwa mzigo na haohao.

Justice League ilikuwaje? Kila mtu anaitaja.

Kwa sababu hiyo muvi ya Batman, Superman na wenzao ndo muvi ambayo tuna matoleo mawili, tunaweza kulinganisha.

Zack Snyder alikuwa ameshashuti, akapata msiba wa kifamilia, akajitoa Mei 2017. Studio tayari ilikuwa na wasiwasi kwamba muvi zake ni nzito na ndefu, ikamwingiza Joss Whedon, fundi wa utani, ambaye aliandika na kushuti sini nyingi mpya. Tarehe ya Novemba haikusogezwa. Sasa Henry Cavill, aliyeigiza Superman, alikuwa kafuga sharubu kwa ajili ya muvi nyingine ya studio nyingine na hao wakakataa asinyoe, kwa hiyo Superman akafutwa sharubu kwa kompyuta. Ule mdomo wa juu ndo picha halisi ya muvi yote. Muvi ikatoka ya saa 2 kamili, ukiangalia unaona mshono, huyu kaongea kwa uchungu, sini inayofuata anatania kama mtu mwingine kabisa. Ilirudisha kama dola milioni 650 na ushee, ndogo kwa muvi iliyobeba majina yale.

Machi 2021 toleo la Snyder likatoka HBO Max, saa 4. Ni refu, nakiri nililigawa siku mbili, na kuna slomosheni za watu wanaofungua mlango tu. Lakini linajua linachotaka. Cyborg ambaye toleo la kwanza ni kama fundi kompyuta wa timu, huku ndo moyo wa stori. Wote wawili hawa wanajua kuongoza muvi, ukiwashonea kwenye nguo moja bila kuwapa muda ndo unapata kitu ambacho si cha huyu wala cha yule.

Muvi ikirudiwa kushutiwa si dalili kwamba ni mbovu?

Hapana. Muvi kubwa siku hizi zinatenga kabisa siku za kurudia sini kwenye ratiba. Swali ni unarudia kurekebisha nini.

World War Z ya 2013 ilikuwa na vita kubwa ya Urusi mwishoni, imeshashutiwa. Wakaiangalia wakaona muvi imelewa fujo, wakawaita Damon Lindelof na Drew Goddard waandike mwisho mpya, ukawa maabara moja, makorido, kimya, mtu ananyata asikanyage kitu. Ile studio ilitupa mapigano ikanunua ukimya, na ilipata zaidi ya dola milioni 500. Rogue One ya 2016 vilevile, Tony Gilroy aliletwa baadaye kwenye kurekebisha, na muvi ikavuka bilioni 1.

Upande wa pili kuna Fantastic Four ya 2015. Josh Trank na studio walikuwa hawapikiki chungu kimoja, sini zikarudiwa, Kate Mara anavaa wigi linaloonekana waziwazi, na siku ya kuamkia muvi kutoka Trank akaandika Twitter kwamba mwaka mmoja nyuma alikuwa na toleo zuri ambalo hamtaliona. Kisha akafuta. Muvi ilikufa palepale.

Na kufukuza dairekta katikati ya safari?

Solo, ile ya Star Wars ya 2018. Phil Lord na Chris Miller waliajiriwa kwa sababu ya utani wao na kuwaacha waigizaji wabuni maneno papo hapo, halafu Juni 2017, miezi kadhaa ya kushuti imeshapita, wakafukuzwa kwa sababu ya... utani wao na kuwaacha waigizaji wabuni maneno papo hapo. Ron Howard akaingia akashuti upya sehemu kubwa. Bili ikapanda mno, mapato yakaishia kama dola milioni 393, hasara. Kinachouma ni kwamba Desemba ya mwaka huohuo 2018 ilitoka Spider-Man: Into the Spider-Verse, hao jamaa wakiwa maprodyuza na Lord akiwa kwenye skripti, ikachukua Oscar ya muvi bora ya katuni. Nayo ni franchaizi, nayo ina mwenyewe. Ila huko waliajiriwa kwa vile walivyo na wakaachwa wawe vile walivyo.

Ukitaka mtu wa kufuata mstari, mwajiri wa kufuata mstari toka siku ya kwanza, wapo na wanafanya kazi nzuri.

Skripti isipokamilika ni kosa la nani?

La aliyeweka tarehe. Alien 3 ya 1992 ilianza kushutiwa skripti haijaeleweka, seti zimejengwa kwa matoleo ya stori yaliyokwishatupwa, na David Fincher, muvi yake ya kwanza kabisa, akawa anapigana kila siku. Mpaka leo haitaki. Walipotengeneza toleo refu 2003 alikataa kushiriki.

Basi usimamizi mzuri unafananaje?

Pixar wana kikao kinaitwa Braintrust. Dairekta anaonesha muvi ikiwa bado mbichi, wenzake, ambao nao ni madairekta na waandishi, wanamwambia wapi walichoka, wapi hawakuamini. Wanasema ukweli bila kuremba. Kisha wanaondoka, na hawana mamlaka ya kumlazimisha abadilishe chochote. Toy Story 2 ilikuwa imeshakwenda mbali walipoona haifai, wakaisuka upya kwa kama miezi 9 na tarehe haikuhama, Novemba 1999. Ilitoka nzuri ajabu, ila watu waliumia kazini kwa ule mwendo na Ed Catmull, aliyekuwa mkuu wao, ameandika wazi kwamba haikutakiwa kuwa vile. Kwa hiyo hata usimamizi mzuri ukichelewa una bei, na anayelipa ni yule anayekaa kwenye kompyuta usiku.

James Bond nao, toka 1962 familia ya Broccoli ndo walikuwa na ufunguo, muvi 25 mpaka 2021. Wabishi, wapole kutoa muvi, walishindwana na Danny Boyle 2018 akaondoka. Lakini hawakujaza dunia na tamthilia za wajomba wa Bond. Februari 2025 Amazon MGM wakachukua usukani wa ubunifu. Hapo tusubiri.

Toleo la dairekta siku zote ni bora?

Si siku zote. Mengine ni sini zilizokatwa kwa haki yake.

Nitajuaje mapema kwamba muvi imevurugwa na wengi?

Hakuna uhakika ila mimi naangalia vitu kama hivi: tarehe ilitangazwa kabla ya mwandishi, dairekta kabadilishwa zaidi ya mara moja, na trela ya kwanza na ya tatu zinafanana na muvi mbili tofauti. Suicide Squad ya 2016 ilipata trela lililopendwa sana, na iliripotiwa kwamba studio ikaita kampuni iliyotengeneza lile trela ije ihariri muvi nzima. Na ukiiangalia ile nusu saa ya kwanza, wimbo, maandishi ya rangi, wimbo mwingine, ni trela lililokosa breki. Hela iliingia nyingi na Oscar ya mekapu wakapata, kwa hiyo usije ukadhani muvi iliyovurugwa lazima ife sokoni.

Na mashabiki je, si nao wamekuwa wasimamizi siku hizi?

Wamekuwa, na nguvu yao inategemea wanadai nini. Trela la muvi ya Sonic, yule mnyama wa gemu za video, lilipotoka Aprili 2019 watu walipiga kelele dunia nzima, yule mnyama ana meno ya binadamu. Studio ikasogeza muvi kutoka Novemba mpaka Februari 2020, ikamchora upya, na muvi ikafanya vizuri mpaka ikazaa nyingine. Upande wa Star Wars, baada ya ugomvi wa mashabiki juu ya The Last Jedi ya 2017, ile ya 2019 inaonekana kama imeandikwa kwa kujibu kelele, hili mlilikataa tunalifuta, hili mlilipenda chukueni tena, na kila sini inakimbia kuelekea msamaha unaofuata. Sonic alibadilishwa meno na macho. Stori yake hakuna aliyeigusa.